Je, Mkunga Apokee Mayai?

Tumfikirie mama mmoja wa kijiji kilicho jirani ya Kasugho, katika teritware ya Lubero. Mvua imenyesha usiku kucha, njia imegeuka matope, wala hakuna pikipiki iwezayo kupita. Mama ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Wanaume wanne wanamchukua kwa machela, wanapanda mlima na kushuka bondeni, mpaka wanamfikisha kwenye nyumba ya uzazi. Mkunga anakesha naye. Alfajiri mtoto analia, na wote waliokuwa wakingoja nje wanamshukuru Mungu.

Baada ya majuma mawili mama yule anarudi. Deni lake amekwisha kulilipa, na risiti anayo. Amechukua kikapu, ndani yake mna mayai kumi, na mkononi ana jogoo aliyefungwa miguu. Anasema kwa lugha yao Wanande: "Wasingya," yaani asante, kisha anaongeza: "Binti yangu, sina fedha, lakini siwezi kukaa nyumbani kana kwamba hukunitendea kitu. Pokea haya."

Mkunga anakitazama kikapu. Halafu anatazama benchi iliyo kando ya ukuta. Hapo ameketi mama mwingine, mwenye mimba kubwa, aliyekuja mikono mitupu. Naye pia anakitazama kikapu.

Basi, wasomaji wapenzi, mkunga afanyeje? Akikataa, atamwaibisha mzazi aliyemjia kwa moyo mweupe. Akipokea, yule wa benchi atawaza nini? Jambo hili si la mkunga peke yake. Mwalimu, karani, askari, dereva, mtumishi wa hoteli, kila mtu ambaye kazi yake ni kuwahudumia wengine, hukutana nalo. Yafaa tulipime vizuri, kwani wengi hulijibu kwa haraka. Mmoja husema: "Zawadi ni zawadi, ina ubaya gani?" Mwingine husema: "Zawadi zote ni rushwa." Wote wawili wamekosa.

MANENO YENYEWE YANATUFUNDISHA

Wazee waliotuachia Kiswahili walijua kutofautisha mambo haya. Walikuwa na neno kiinua mgongo: mtu ameinama mchana kutwa akilima au akitwanga, na jioni anapewa kitu kidogo cha kumwinua mgongo wake. Walikuwa na neno kilemba: kijana aliyefundishwa kazi na fundi, alipokwisha kuijua, alimpa mwalimu wake kilemba kuwa heshima. Angalieni kwamba vyote viwili hufuata nyuma ya kazi. Kazi imekwisha, wala hakuna awezaye kuiharibu tena. Ndipo moyo wa shukrani unapofunguka.

Lakini pia walikuwa na neno hongo. Katika karne ya 19, misafara ya biashara ilipotoka pwani kwenda bara, watawala wa nchi walidai hongo, yaani malipo ya kupitia katika nchi zao. Msafara uliolipa ulipita. Usiolipa ulizuiwa njiani. Tangu hapo neno hilo limepata maana mbaya zaidi, na leo mtu akisema hongo sote twaelewa kwamba anasema rushwa. Maana ya kwanza na ya pili hazikupishana sana: hongo husimama mbele ya mlango, na mlango haufunguki mpaka imelipwa.

Sisi wa Kongo tuna neno letu la kila siku, matabishi. Neno hilo limetoka katika lugha ya Kireno, na asili yake ni kuua mdudu. Wareno waliita hivyo kinywaji au chakula kidogo cha asubuhi, kana kwamba njaa ni mdudu aliye tumboni, naye huuawa kwa tonge la kwanza. Mfano huo ni mzuri kuliko walivyodhani wenyewe. Maana mdudu wa namna hii hafi. Umempa chakula asubuhi, jioni ameamka tena. Na kila anapoamka amekua kidogo. Juzi alitosheka na ndizi. Jana alitaka faranga mia tano. Leo ataka elfu tano, wala hasemi tena "tafadhali".

MAYAI MATATU YA DAMIANO

Habari ya mkunga wetu si mpya. Katika Kanisa wanaheshimiwa tangu zamani ndugu wawili waganga, Mtakatifu Kosma na Mtakatifu Damiano, waliouawa kwa ajili ya imani siku za dhuluma ya Kaisari Diokletiano. Wakristo wa Mashariki waliwaita kwa jina lenye maana ya wasiopokea fedha, kwa sababu waliwaponya watu bila kudai kitu.

Wasimulizi wa zamani hueleza kwamba siku moja mwanamke aitwaye Palladia alipona mikononi mwao. Kwa furaha alimletea Damiano zawadi ndogo. Wengine husema yalikuwa mayai matatu. Damiano alikataa. Mwanamke akamwapisha kwa jina la Mungu, asimfukuze hivi. Damiano, si kwa tamaa, bali ili asimdharau mama huyo na kiapo chake, akapokea. Kosma aliposikia alikasirika sana, hata akaagiza kwamba wakifa wasizikwe pamoja. Lakini, husema wasimulizi, Mungu mwenyewe alimtetea Damiano, naye Kosma akafahamishwa kwamba ndugu yake alipokea kwa upendo tu.

Mtu aweza kuicheka hadithi hii kwa kuwa mayai matatu yaligombanisha watakatifu. Walakini ndani yake mna hekima kubwa. Kosma hakuwa mjinga: alijua kwamba leo ni mayai matatu, na kesho maskini asiye na kuku ataogopa kuja. Damiano naye hakuwa mlafi: alijua kwamba maskini pia ana heshima yake, na kumnyima mtu nafasi ya kushukuru ni kumfanya mwombaji daima. Huduma njema yahitaji ukali wa Kosma na upole wa Damiano pamoja.

WENYE UFUNGUO NA WASIO NAO

Tusichanganye kazi zote katika chungu kimoja. Mtumishi wa hoteli huko Butembo akikuletea chakula kwa uso mzuri, nawe ukamwachia kitu juu ya meza, humnyang'anyi mtu yeyote haki yake. Vivyo hivyo kijana anayesukuma chukudu chenye magunia ya viazi mlimani: ukimwongezea kidogo juu ya bei mliyopatana, umemwinua mgongo, wala hakuna aliyeumia.

Lakini wako watu walioshika ufunguo wa mambo makubwa. Mganga ameshika uzima. Mwalimu ameshika alama za mtihani. Hakimu ameshika haki. Karani ameshika mhuri ambao bila huo mtoto hana cheti cha kuzaliwa. Kwa watu hao kila zawadi ina uzito, hata ikiwa yai moja; kwa kuwa anayekuja kwao hana mahali pengine pa kwenda. Kadiri ufunguo ulivyo mkubwa, ndivyo mkono ulioushika unavyopaswa kujiangalia.

Kasugho kwenyewe kuna mfano. Watu wengi wa mbali wamelisikia jina la mji huu kwa sababu ya msitu wa Tayna, ambao wenyeji na watawala wao wa jadi walianza kuuhifadhi mwaka 1998 ili kuwalinda gorila. Gorila wana mwili unaofanana sana na wetu, na mafua ya mtu yaweza kuwaua. Kwa hiyo wataalamu wa ulimwengu walioandika mashauri juu ya jambo hilo mwaka 2010 walisema mgeni asiwakaribie kuliko meta saba, na afunike pua na kinywa. Sasa tuseme, mahali popote penye gorila, mgeni mwenye fedha anamnong'oneza kiongozi wa njia: "Nipeleke karibu zaidi nipate picha nzuri, nitakukumbuka." Kiongozi akikubali, mgeni anapata picha, yeye anapata noti, na gharama itamwangukia nani? Itamwangukia mnyama asiyejua kusema, na kijiji kitakachobaki na msitu mtupu. Matabishi mabaya yana tabia hii: wawili hufurahi, na wa tatu asiyekuwapo hulipa.

SHERIA YASEMAJE?

Wako wanaodhani kwamba rushwa ni pale tu mtumishi anapolipwa atende jambo lisilo haki. Sheria ya Kongo haisemi hivyo. Kanuni za mwenendo wa watumishi wa Serikali zilizotangazwa Oktoba 2002 zinawakataza kutaka au kupokea zawadi kwa ajili ya kazi yao. Na sheria ya tarehe 29 Machi 2005, iliyoongeza vifungu juu ya rushwa katika sheria ya makosa, inamwadhibu mtumishi wa Serikali anayepokea zawadi ili atimize kazi yake, hata ikiwa kazi yenyewe ni ya haki. Maana yake ni wazi: karani aandikaye cheti halali, kisha akataka "chai" kwa kukiandika, amekosa, ingawa cheti si cha uongo. Alikuwa na wajibu wa kukiandika, naye ameuuza wajibu wake.

"LAKINI MSHAHARA HAUJI"

Hapa nasikia sauti ya mkunga mwenyewe: "Ninyi mnaoandika magazeti mnasema vizuri. Njoni basi mkae kwangu mwezi mmoja. Jina langu halimo katika orodha ya Serikali. Napata fungu dogo la fedha walizolipa wagonjwa, na mwezi usio na wagonjwa sipati kitu. Watoto wangu nao wana tumbo."

Neno hili ni la kweli, wala haifai kulipita haraka. Katika Kongo wako waganga na waalimu wengi waliofanya kazi miaka bila mshahara wa Serikali. Kumwambia mtu wa namna hii "usipokee", kisha kwenda zako, ni kumtwika mzigo ambao wewe huugusi hata kwa kidole. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, alifundisha kwamba mshahara sharti utoshe kumlisha mtu aishiye kwa kiasi, na kwamba kumnyima ni dhuluma hata kama mwenyewe amekubali kwa shida. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 nayo yamwahidia mfanyakazi malipo ya haki yatakayomtunza pamoja na jamaa yake.

Lakini je, matabishi ndiyo dawa? Tutazame yaliyowapata wengine.

Huko Marekani utumwa ulikomeshwa mwaka 1865. Baada ya hapo tajiri mmoja, George Pullman, alitengeneza magari ya treni yenye vitanda, akawaajiri watu weusi, wengi wao waliokuwa watumwa jana, wawatumikie wasafiri. Aliwalipa kidogo sana, kwa sababu alijua kwamba wasafiri watawapa bakshishi. Basi watu wale waliishi kwa kuchekacheka mbele ya abiria. Abiria aliwaita wote "George", kwa jina la tajiri, kama mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Nao walivumilia, kwani aliyekasirika alikosa chakula cha watoto. Mwaka 1925 waliunda chama chao, kiongozi wao akiwa A. Philip Randolph, na baada ya miaka 12 ya kushindana, mwaka 1937, kampuni ilitia sahihi mapatano nao juu ya mshahara na saa za kazi. Walikuwa wamefahamu neno moja: bakshishi iliyoonekana kuwaongezea ndiyo iliyokuwa ikiwapunguzia. Kila senti ya abiria ilimpa tajiri udhuru wa kuzuia senti yake.

Mambo hayo hayajaisha. Sheria kuu ya Marekani tangu mwaka 1991 yamruhusu mwajiri kumlipa anayepata bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, mradi bakshishi ijaze pengo mpaka kiasi cha chini cha wafanyakazi wengine, ambacho tangu 2009 ni dola 7.25. Basi mteja ndiye amekuwa mlipa mshahara.

Na sisi je? Katika miaka ya kwanza ya 1990 Serikali ya Zaire ilikuwa imewaacha waalimu bila mshahara wa kutosha, na masomo yakasimama kwa migomo. Ili shule zisife, wazazi walianza kuchanga fedha za kuwatia moyo waalimu, wakaziita prime. Shule za Kikatoliki zilikuwa miongoni mwa zilizotangulia katika njia hiyo, na nia ilikuwa njema: kuziba tundu kwa muda mfupi. Muda mfupi ulipita miaka ishirini na mitano. Prime ikawa kama sheria. Mtoto ambaye baba yake hakulipa alirudishwa nyumbani na madaftari yake chini ya kwapa. Katiba ya mwaka 2006 ilisema shule ya msingi ya Serikali ni bure, lakini wazazi waliendelea kulipa. Ilipofika Septemba 2019 Serikali ilitangaza kwamba sasa elimu ya msingi ni bure kwelikweli. Madarasa yakajaa hata watoto wakakaa chini. Na hapo ndipo ilipoonekana ni waalimu wangapi ambao Serikali haikuwa imewaandika katika orodha ya mshahara. Mkono wa mzazi ulikuwa umelifunika tundu muda mrefu hata mwenye nyumba akasahau kwamba paa linavuja.

Hili ndilo neno tunalotaka kila msomaji alikumbuke: zawadi ni ya kumshukuru mtu, isigeuzwe kuwa mshahara wake, wala isigeuzwe kuwa ufunguo wa mlango wake. Ikigeuzwa mshahara, yamdhulumu anayefanya kazi. Ikigeuzwa ufunguo, yamdhulumu asiye na kitu.

MASWALI MATATU

Mtumishi wa watu atajuaje, basi, kama apokee au akatae? Kwanza asome kanuni za kazi yake. Zikikataza, atii, hata kama ni yai moja. Zikiruhusu, ajiulize maswali matatu.

La kwanza: Je, niliomba? Mtu huomba kwa kinywa, lakini pia kwa uso. Mganga anayekawia kutafuta sindano mpaka mgonjwa atie mkono mfukoni ameomba, ingawa hakusema neno.

La pili: Imekuja kabla ya kazi au baada yake? Mwanafunzi anayempelekea mwalimu kuku siku moja kabla ya mtihani hamshukuru; anamnunua. Nanyi wanafunzi msomao haya, mjue kwamba alama iliyonunuliwa haitakusaidia siku utakaposimama peke yako mbele ya kazi usiyoijua.

La tatu: Je, naweza kuipokea hadharani, mbele ya yule asiye na kitu, na kisha nimhudumie yeye sawasawa, bila kukawia na bila kununa? Zawadi inayotaka giza si zawadi.

Wenye kutoa nao wana wajibu. Msilaumu rushwa nyumbani, halafu mkaenda kuikuza kwa kutaka kupita mbele ya wenzenu. Anayeingiza noti ndani ya daftari la mgonjwa ili aitwe kwanza amemsukuma mwingine nyuma. Ukitaka kushukuru, ngoja mambo yaishe. Shukuru kwa wazi. Na ikiwezekana toa kwa wote waliokutumikia, akiwamo mfagiaji, ambaye hakumbukwi na mtu.

Na wakubwa wa kazi wasijifiche nyuma ya ukarimu wa watu. Bei za matibabu zibandikwe ukutani, kwa lugha inayosomeka na wenyeji. Risiti itolewe kila mara. Komite ya maendeleo ya eneo la afya, ambamo wenyeji wana wajumbe wao, iulize waziwazi: waganga wetu wamelipwa nini mwezi huu? Kama hakuna kitu, parokia na kijiji vitoe sauti, na ikibidi vichange kwa pamoja, kila mtu kwa uwezo wake, fedha ziandikwe katika daftari na kugawanywa mbele ya mashahidi. Mchango wa wote kwa ajili ya wote hauwezi kumfunga mkunga kwa mtu mmoja, wala hauwezi kumfukuza maskini mlangoni. Lakini hata mchango huo usifunge midomo yetu. Tusirudie kosa la prime: tukiziba tundu, tuendelee kumwita mwenye nyumba.

TURUDI KWA MKUNGA

Tulimwacha mkunga wetu amesimama, mama ameshika kikapu. Tuseme kwamba kanuni za nyumba ile hazimkatazi. Hakuomba, kazi imekwisha, deni limelipwa. Anakipokea kikapu kwa mikono miwili, kama inavyofaa kupokea kitu cha mzazi, na kwa sauti ya kusikiwa na wote anasema: "Mama, wasingya. Ulikwisha kulipa, hudaiwi kitu hapa. Mayai haya nimeyapokea, na leo tutawapikia akina mama ambao ndugu zao hawajaleta chakula. Jogoo mrudishe nyumbani, akaangalie kuku wako. Mtoto akianza kula, atahitaji mayai yake."

Mama anacheka, anamfungua jogoo miguu, anampakata. Heshima yake imebaki nzima.

Kisha mkunga anageuka kwenye benchi na kumwambia yule wa mikono mitupu: "Dada, ni zamu yako. Karibu ndani."